Hutageuka maksai, lakini 'daima' ni daima: Vasektomi bila uoga na bila mbwembwe

Kila mara kesi ya matunzo ya mtoto inapovuma mitandaoni, wewe subiri dakika chache tu. Kabla watu hawajamaliza kumchambua baba mhusika, kuna jamaa atakayetokea kwenye maoni na kuandika: "Mimi naenda kufungwa, mchezo uishe." Wenzake watamshangilia. Wa pili atauliza bei. Wa tatu atamwonya kwamba akifungwa atageuka maksai, na jirani ndiye atakayekuwa akimridhisha mkewe. Wa nne, mara nyingi mwanamke, ataandika swali ambalo halijibiwi na yeyote: kwani miaka hii yote mmekuwa wapi?

Ukiwa na umri wa kati ya miaka 20 na 35 na unaishi mjini, huenda wewe ni mmoja wa hao wanne. Ninavyoona mimi, yule anayeogopa anaogopa kitu ambacho hakipo, na yule anayeshangilia haogopi kitu ambacho kipo. Tuanze na huyu wa maksai kwa sababu ndiye mwenye wafuasi wengi zaidi, kuanzia vijiwe vya bodaboda hadi kwenye makundi ya WhatsApp ya watu waliosoma hadi chuo kikuu.

Mfugaji anapomhasi fahali, anaziharibu au kuziondoa korodani zenyewe. Korodani zina kazi mbili. Ya kwanza ni kutengeneza mbegu za kiume. Ya pili ni kutengeneza homoni ya testosteroni, ile iliyokupa ndevu, sauti nzito na hamu ya mapenzi. Ukiziondoa, kazi zote mbili zinakwisha, na ndiyo maana maksai hutulia akavuta jembe bila kusumbua mtamba wa mtu. Vasektomi haizigusi korodani kabisa. Daktari anaifikia mirija miwili myembamba, mmoja kila upande, ambayo hupitisha mbegu kutoka kwenye korodani. Anaikata na kuziba ncha zake. Basi. Testosteroni haipiti kwenye mirija hiyo. Huingia moja kwa moja kwenye damu. Kwa hivyo hamu inabaki, nguvu zinabaki, ndevu zinabaki, na ukiwa hukuwa na ndevu, pole, vasektomi haitakuongezea pia.

Swali linalofuata huwa linaulizwa kwa sauti ya chini: sasa nitatoa nini? Utatoa manii kama kawaida. Majimaji mengi unayoyaona hutengenezwa na tezi dume pamoja na vifuko vingine vilivyo mbele ya pale mirija ilipokatwa. Mbegu zenyewe ni sehemu ndogo sana ya majimaji hayo, kiasi kwamba zikikosekana hakuna atakayegundua kwa macho, si wewe wala mpenzi wako. Na zile mbegu zinazoendelea kutengenezwa hazirundikani humo ndani hadi zikapasuka, kama nilivyowahi kusikia mtu akieleza kwenye matatu kwa uhakika wa profesa. Mwili huzivunja na kuzifyonza, jinsi unavyofanya na seli zake nyingine zilizokwisha kazi.

Upasuaji wenyewe ni mdogo. Unadungwa sindano ya ganzi, uko macho, unaweza kupiga gumzo na daktari, na kwa kawaida huchukua kati ya dakika 15 na 30. Unaenda nyumbani siku hiyo hiyo. Siku hizi madaktari wengi hawatumii hata kisu. Mwaka wa 1974 daktari mmoja wa China aitwaye Li Shunqiang, katika mkoa wa Sichuan, alibuni njia ya kutoboa tundu dogo kwenye ngozi ya korodani kwa kifaa chenye ncha kali, kisha kulipanua kidogo na kuivuta mirija nje kupitia hapo. Damu ni kidogo, na mara nyingi hakuna haja ya kushona. Njia hiyo ilibuniwa ili wanaume waache kuogopa. Uoga wa kisu, basi, si ugonjwa wa Mkenya peke yake.

Usidanganywe pia kwamba ni sawa na kunyolewa. Utakuwa na uvimbe na maumivu kwa siku chache. Kama kazi yako ni ya mjengo au ya kubeba magunia sokoni, utahitaji kupumzika kwa takriban wiki moja, na hiyo kwa kibarua ni pesa. Wachache hupata maambukizi au damu kuvilia ndani. Na wachache zaidi, kama mmoja au wawili kati ya wanaume 100, hubaki na maumivu yanayodumu kwa miezi au hata miaka. Mtu anayekuuzia vasektomi bila kukutajia hilo la mwisho hajakuheshimu.

Haya, uanaume uko salama. Sasa turudi kwa yule dada aliyeuliza mmekuwa wapi.

Kenya ilianzisha mpango wa kitaifa wa kupanga uzazi mwaka wa 1967, ikiwa ya kwanza miongoni mwa nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa wastani wa watoto wanane. Kufikia utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022, wastani huo ulikuwa umeshuka hadi watoto 3.4. Haya ni mabadiliko makubwa mno ndani ya vizazi viwili. Mwulize nyanya yako alizaa wangapi, kisha mwulize mathe wako, kisha jihesabu wewe na ndugu zako.

Ila mabadiliko hayo yalibebwa na mwili wa nani? Utafiti huo huo wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 57 ya wanawake walio kwenye ndoa wanatumia njia za kisasa za kupanga uzazi. Asilimia 20 wanatumia sindano, asilimia 19 wana vipandikizi kwenye mkono, na asilimia 8 wanameza tembe. Ukiitafuta vasektomi kwenye orodha hiyo utaikuta huko chini kabisa, ikiwa na tarakimu iliyo karibu na sufuri. Hatuzungumzii hata asilimia moja.

Usisome takwimu hizo kama mtihani wa jiografia. Sindano ni mwanamke kupanga foleni kliniki kila baada ya miezi mitatu. Ni hedhi inayovurugika, kwa wengine inakwisha kabisa na kwa wengine haikomi. Ni kichwa kinachouma, ni uzito unaopanda, ni hamu inayopotea halafu wewe unauliza mbona siku hizi amebadilika. Kuna wasichana wanaomeza P2 mara kwa mara kana kwamba ni peremende, ilhali tembe hiyo ni ya dharura, kwa sababu mwenye keja alisema hapendi mpira. Kisha mimba ikiingia, swali la kwanza analoulizwa ni, "Kwani hukuwa unajipanga?" Yeye, si wao.

Nchi nyingine hali si hivyo. Takwimu za Umoja wa Mataifa za 2015 zilionyesha kuwa nchini Canada na Uingereza takriban mwanamke mmoja kati ya watano walio kwenye ndoa au uhusiano wa kudumu alitegemea vasektomi ya mwenzake. Kabla hujasema hayo ni ya Wazungu, angalia Bhutan, nchi ndogo ya milimani iliyobanwa kati ya India na China: huko ilikuwa zaidi ya mmoja kati ya kumi. Nairobi nayo haijakosa kuambiwa. Mwaka wa 2016, jiji hili ndilo lililokuwa mwenyeji mkuu wa Siku ya Vasektomi Duniani, na watu walizungumza, wakacheka, wakatengeneza vichekesho. Miaka sita baadaye ndipo utafiti ukaja na ile tarakimu ya karibu na sufuri.

Kwa nini jambo hili liwe habari sasa? Kwa sababu mfumo wetu wote wa kupanga uzazi unategemea bidhaa zinazokuja kwa meli, na kwa muda mrefu nyingi zililipiwa na wafadhili. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya kigeni, na kufikia Julai 1 mwaka huo shirika la USAID lilikuwa limefungwa rasmi. Katikati ya mwaka huo dunia ikasikia kuhusu shehena ya dawa na vifaa vya kuzuia mimba vya thamani ya takriban dola milioni 9.7, vilivyokuwa vimekwama kwenye ghala mjini Geel, Ubelgiji, huku serikali ya Marekani ikisema vitateketezwa. Kenya na Tanzania zilikuwa miongoni mwa nchi ambazo bidhaa hizo zilikusudiwa kufika.

Fikiria dada aliyezoea kupata sindano yake bila malipo katika kituo cha afya cha serikali. Anafika, anaambiwa zimeisha, ajaribu duka la dawa. Kule ni pesa. Miezi mitatu haimsubiri mtu yeyote atatue siasa za Washington. Njia inayohitaji kurudiwa kila mara huyumba bajeti inapoyumba, na sisi tumezipanga karibu zote upande mmoja wa kitanda. Mwanamume ambaye mirija yake ilifungwa miaka mitano iliyopita hahitaji ghala la Ubelgiji.

Hapo ndipo wengi huishia: wanaume ni wabinafsi, kwisha maneno. Mimi naona ni zaidi ya ubinafsi, ingawa ubinafsi upo. Hebu tazama kilicho mezani. Mwanamke ana sindano, tembe, kipandikizi, koili, na bado kufungwa mirija. Akibadilisha nia, nyingi ya njia hizo anaziacha na uzazi unarudi. Mwanamume ana kondomu, na ana vasektomi. Katikati hakuna kitu. Kumwaga nje si mpango, ni maombi. Watafiti wamekuwa wakijaribu jeli ya homoni ambayo mwanamume hujipaka mabegani kila siku ili kupunguza mbegu, na Kenya ni miongoni mwa nchi ambako jeli hiyo imefanyiwa majaribio, lakini huwezi kuingia duka la dawa leo ukaiomba. Kwa hivyo kijana wa miaka 24 anayetaka kubeba sehemu yake ya mzigo anapewa chaguo la mpira kila usiku au mlango unaofungwa moja kwa moja. Si haki kumcheka akisita.

Na uoga wetu haukutoka hewani. Kati ya 1975 na 1977, India ilipokuwa chini ya utawala wa hali ya hatari, serikali iliwafunga wanaume kwa mamilioni, ikitumia vitisho, kunyima watu huduma na malengo ya idadi ambayo maafisa walilazimishwa kuyafikia. Chama tawala kiliadhibiwa kwenye uchaguzi wa 1977, na mpango wa uzazi wa nchi hiyo ukageukia wanawake. Hapa kwetu, mwaka wa 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki walidai kwamba chanjo ya pepopunda ilikuwa na kitu cha kuwafanya wanawake wasizae. Serikali ilikanusha, lakini shaka ilishapandwa. Mtu anayesikia neno "kufungwa" na mawazo yake yakaenda kwa njama za kupunguza Waafrika, kabla ya kumwita mshamba, jua kwamba mahali pengine duniani watu waliwahi kufungwa kwa nguvu kweli.

Kuna dini pia. Kanisa Katoliki linakataza kufunga uzazi, na waraka wa Papa Paulo wa Sita wa mwaka wa 1968 ulilisema hilo bila kuficha. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wanakataa njia ya kudumu isipokuwa pawe na sababu ya kiafya. Na kuna mila: jina la babu lazima lirudi, mtoto wa kiume lazima apatikane, na mjomba fulani kwenye kikao cha harusi lazima aulize mbona mmetulia. Sitakuambia uyatupe hayo yote. Ila yaite kwa majina yake. "Imani yangu hainiruhusu" ni jibu la heshima. "Nitakuwa maksai" ni uongo.

Sasa tumfikie yule jamaa wa "mchezo uishe". Huyu ndiye ananitia wasiwasi, kwa sababu anaonekana ameelimika.

Kwanza, kama mtoto tayari yupo, vasektomi haimfuti. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wake, na kinasema jukumu hilo ni la mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au la. Hakimu hataangalia mirija yako, ataangalia DNA na payslip. Kwa hivyo ikiwa unaenda kufungwa kwa hasira ya kesi iliyo mahakamani, unafunga zizi na ng'ombe yuko nje anakula mahindi ya watu.

Pili, na hili ndilo kubwa, soma neno "daima" polepole. Utasikia watu wakisema, ah, si inaweza kurudishwa? Upasuaji wa kuunganisha mirija upo. Ni mgumu, hufanywa chini ya darubini, huchukua saa kadhaa, gharama yake ni kubwa mara nyingi kuliko ya kufunga, na madaktari wanaoweza kuufanya ni wachache. Hata mirija ikiunganishwa vizuri mimba inaweza kukataa, na kadiri miaka inavyopita tangu ulipofungwa ndivyo nafasi yako inavyopungua. Mtu mwaminifu atakuambia: ingia humo ukiamini kwamba hakuna kurudi. Kuna wanaogandisha mbegu kwanza kwenye kliniki za uzazi, nayo ni sawa kama una uwezo wa kulipa ada ya kuhifadhi mwaka baada ya mwaka. Lakini kama unajiona unahitaji akiba hiyo, huenda moyo wako umeshakujibu kwamba hujafika.

Mwongozo wa kupanga uzazi wa Shirika la Afya Duniani, WHO, unasema kitu ambacho huwashangaza wengi. Mwanamume yeyote, akipewa ushauri kamili na akakubali kwa hiari, anaweza kufanyiwa vasektomi salama: awe kijana, awe hajaoa, awe hana mtoto hata mmoja, awe hana idhini ya mke. Kwa hivyo mhudumu akikufukuza kwa sababu tu huna pete, hana msingi. Lakini mwongozo huo huo unataja watu wanaoelekea kujuta zaidi baadaye: vijana, wasio na watoto au wenye wachache, wasio kwenye ndoa, walio kwenye ndoa yenye migogoro, waliofiwa na mtoto hivi karibuni, na wale ambao wenzao wanapinga. Isome orodha hiyo tena halafu ulinganishe na jamaa wa kwenye maoni. Hajaoa, ana miaka 26, na amegombana na mama wa mtoto wake jana usiku.

Haki ya kufanya jambo na busara ya kulifanya leo ni vitu viwili. Mimi siko kwenye kundi la wanaosema kijana asiye na mtoto hawezi kujua anachotaka. Wapo wanaojua tangu mapema na hawabadiliki, na kuwaambia "utabadilisha mawazo" kila siku ni dharau. Ila jiulize sababu yako inahusu watoto au inahusu mtu fulani. Ukisema "sitaki kuwa mzazi", hiyo ni sababu inayoweza kukufikisha miaka 50. Ukisema "sitaki kunaswa na mwanamke", hiyo ni sababu ya msimu. Utakutana na mwingine, utampenda, na siku moja mtakuwa mmekaa kwenye kochi akauliza mtaanza lini. Hapo hutamjibu kwa kutumia hasira za miaka minane iliyopita. Kwa tatizo la msimu kuna kondomu, na hiyo haikudai uape.

Nani basi inamfaa? Inamfaa yule jamaa mwenye watoto wawili au watatu ambao wote wanakula na kusoma, mkewe amepasuliwa mara ya tatu akijifungua na daktari amemwambia ya nne ni hatari. Inamfaa ambaye mkewe amejaribu sindano ikamvuruga, akajaribu kipandikizi kikamvuruga, na sasa wanaishi kwa kuhesabu siku na kushtuka. Wenzi wa aina hii wakiamua wamemaliza, mara nyingi anayepelekwa kufungwa ni mama. Nchini Kenya wanawake waliofungwa mirija ni wengi mara nyingi kuliko wanaume. Linganisha lakini: yake ni upasuaji wa kuingia ndani ya tumbo, una hatari zaidi na kupona kwake ni polepole zaidi. Yako ni tundu dogo kwenye ngozi. Kama kuna mmoja kati yenu anayepaswa kupanda kitanda hicho, hesabu hii si ngumu, na hata wewe unayesoma ukiwa bado huna familia unaweza kuiweka akilini kwa ajili ya miaka ijayo.

Ukiamua kwenda, au ukimsindikiza kaka yako, uliza mambo ya maana. Aliyefunzwa kufanya vasektomi hapatikani kila kituo, kwa hivyo anza kwa kupiga simu kabla ya kulipa nauli. Uliza kama wanatumia njia isiyo ya kisu na daktari ameifanya mara ngapi. Uliza gharama kamili, ikiwemo ya vipimo vya baadaye. Uliza kama bima yako inagharamia, usikisie. Na kama kuna anayekuharakisha, anayekupa zawadi ili ukubali leo, au anayekwepa swali la kurudisha uzazi, vaa koti lako utoke.

Kuhusu kumwambia mwenzako: kisheria na kitabibu mwili ni wako. Lakini kufungwa kimya kimya kisha ukamwacha mke wako azunguke hospitali akipimwa, akinywa miti shamba na kutukanwa na mama yako kwamba ni tasa, huo ni ukatili, na mimi siwezi kuupamba kwa jina la haki. Kama uko na mtu anayetarajia watoto nawe, mwambie kabla. Akiondoka, ameondoka akiwa na ukweli.

Nawe dada, kuna siku mtu atakuambia, "Usijali, mimi nilifungwa." Inawezekana ni kweli. Inawezekana pia ni maneno ya usiku. Hata ikiwa kweli, kuna mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza ni kwamba vasektomi haizuii HIV, kaswende, kisonono wala ugonjwa mwingine wa zinaa. Virusi havipiti kwenye ile mirija pekee. Kama hamjapimwa pamoja, mpira unabaki palepale.

La pili wanaume wenyewe hulisahau. Vasektomi haianzi kufanya kazi siku ya upasuaji. Mbegu zilizokuwa zimeshapita mahali pa kukatwa bado zipo njiani, na huchukua muda kuisha. Kwa takriban miezi mitatu lazima mtumie njia nyingine. Baada ya hapo anarudi maabara na sampuli ya manii iangaliwe kwa hadubini kuhakikisha hakuna mbegu. Wale wanaopata mimba baada ya "kufungwa" wengi wao ni walioruka hatua hii, kisha nyumbani kukazuka vita na mwanamke akaitwa kahaba bure. Kipimo kikishaonyesha hakuna mbegu, uwezekano wa mimba ni kama mmoja kati ya 2,000. Kwa hivyo akisema amefungwa, usimwombe akuonyeshe kovu, maana njia isiyo ya kisu haiachi la kuonekana. Mwombe karatasi ya maabara.